Ukweni ni Ukerewe nami sijazoea samaki: nianzie wapi?

Mgeni wa Nyegezi

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimekulia Singida, katika nyumba ambayo kitoweo chake kilikuwa kuku wa kienyeji, nyama ya mbuzi na mlenda, na samaki pekee niliyemfahamu utotoni alikuwa yule mkavu wa gulioni ambaye akichemshwa jioni, harufu yake ililala nasi hadi asubuhi. Sikuwahi kumla kwa hiari. Sasa kazi imenileta Mwanza, naishi Nyegezi, na nimeoa binti wa Ukerewe ambaye baba yake amekuwa mvuvi tangu ujana wake. Kila tunapovuka kwenda Nansio, mji wa huko Ukerewe, mzee huagiza apikwe samaki mkubwa kwa ajili ya mkwewe, kisha kichwa cha samaki huyo huwekwa mbele yangu huku shemeji zangu wakisubiri nianze. Mimi humeza kwa maji kama mtu anayemeza dawa, na nadhani mzee ameanza kugundua.

Sitafuti udhuru wa kutokula. Nataka nijifunze kumla samaki hadi nimfurahie, kwa kuwa nitaishi kando ya ziwa hili kwa muda mrefu na sipendi kuwa mtu wa kupikiwa chungu chake peke yake. Yanayonishinda ni matatu: shombo, ambayo hunijia puani kabla tonge halijafika mdomoni, miiba, kwa sababu niliwahi kukwamwa nikiwa mtoto na hofu haijaniacha, na ule ulaini wa ngozi na mafuta ya tumboni, ambao hunifanya nisimame mezani. Kiafya sina tatizo, kwani nikila siwashwi, sivimbi midomo wala sipati shida ya kupumua, na daktari ameniambia hakuna dalili ya mzio. Naomba kuelekezwa: nianze na samaki yupi, apikwe vipi, na nikiwa ukweni nijibebe namna gani kabla sijafuzu?

Mpishi wa Kirumba

Mwanangu, karibu Mwanza. Napika samaki karibu na soko la Mwaloni kwa miaka mingi, na wateja wa namna yako nimewapokea wengi, hasa watumishi wanaohamishwa kutoka mikoa ya kati na ya nyanda za juu. Nikiyasoma maelezo yako naona kwamba ulichokikataa utotoni ni samaki aliyesafiri siku nyingi hadi mafuta yake yakachacha. Samaki aliyevuliwa usiku akafika Mwaloni alfajiri hujamjua bado, kwa hiyo tuanze upya kabisa.

Anza na mnofu wa sangara. Nyama yake ni nyeupe, imeshikamana, haina ladha kali, na miiba yake mikubwa hutoka pamoja na mfupa wa mgongo pale muuzaji anapokuchania, kwa hiyo hofu yako ya pili unaiacha sokoni. Chagua sangara wa ukubwa wa kati, kwa sababu wale wakubwa sana, ambao wengine huzidi kilo 100, wana mafuta mengi ambayo wewe kwa sasa huyawezi. Wala usinunue mdogo kwa kufuata bei nafuu, kwani sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kisheria kuvuliwa. Omba sehemu ya mgongo na ya kuelekea mkiani, na tumbo uwaachie wenye kulitaka, nao ni wengi.

Nenda mapema, kabla jua halijapanda. Jicho la samaki mzima limetuna na linang'aa. Lililozama na kufanya ukungu ni la samaki aliyelala. Mashavu yafunuliwe uyaone matamvua: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi. Kisha nusa, na wewe mwenye pua kali una faida hapa kuliko sisi tuliozoea, kwa sababu samaki mpya hunukia maji ya ziwa tu. Muuzaji asiyekuruhusu kufunua mashavu, msalimie vizuri upite.

Ukifika nyumbani, au mkeo akikusaidia, ondoeni ngozi yote. Katikati ya mnofu, upande uliokuwa umegusa ngozi, kuna mstari wa nyama nyekundu iliyokolea. Ukateni na kuutupa, maana huo ndio unaobeba ladha kali kuliko sehemu nyingine yoyote ya mnofu. Kama kuna damu iliyoganda kandokando ya uti wa mgongo, ikwangueni kwa kisu hadi iishe. Watu wengi hulalamikia shombo na kumiminia ndimu juu ya ndimu, ilhali damu wameiacha palepale. Osheni kwa maji baridi, kisha pakeni chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, muuache kwa dakika 15 au 20, msizidishe, kwa kuwa ndimu ikikaa muda mrefu huilegeza nyama ikavunjika kikaangoni. Wengine huloweka katika maziwa mgando kwa muda wa saa moja, wakayafuta kabla ya kupika, nami naipenda njia hiyo kwa wageni kwa sababu maziwa hufyonza harufu na huacha nyama ikiwa tamu. Usukumani maziwa hayana uhaba.

Kausha vipande kwa kitambaa, vipake unga kidogo, na mafuta yawe yamechemka sawasawa kabla ya kuvitia, la sivyo vitanyonya mafuta na kukurudisha kwenye ule ulaini unaokukera. Mnofu umeiva pale unapokuwa mweupe hadi ndani na kuachana kwa tabaka ukiugusa na uma. Ukiuacha zaidi ya hapo utakauka. Ule ukiwa moto, pamoja na kachumbari na ugali, kwani samaki akipoa shombo yake huonekana upya. Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya kutolewa minofu, kichwa na mchemsho viweke kando kwa sasa. Ni vyakula vizuri mno, lakini si vya darasa la kwanza.

Mtu wa Tanga

Shikamoo mama. Nimekulia pwani, nikala changu, kibua na pweza kabla sijaanza shule, kisha nikahamia Mwanza kikazi, na naomba niongeze jambo kuhusu shombo kwa sababu watu huizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja.

Samaki wa baharini huhifadhi mwilini kemikali inayomsaidia kustahimili chumvi ya maji. Akishakufa, bakteria huigeuza kemikali hiyo kuwa trimethilamini, nayo ndiyo shombo inayofahamika na kila mtu. Samaki wa maji baridi hana haja kubwa ya kinga hiyo, hivyo kwa kawaida kiasi chake mwilini ni kidogo, na kwa maana hiyo ndugu yetu wa Singida ana bahati kuanzia ziwani kuliko kama angehamishiwa kwetu na kukaribishwa ng'onda, yaani samaki mkavu, wa papa. Ndimu, siki na ukwaju husaidia kwa sababu asidi huifunga trimethilamini isipae hewani kufika puani. Hilo hata hivyo halimfufui samaki aliyeharibika, na mpishi anayetumia ndimu kuficha uozo anahatarisha tumbo la mlaji.

Ziwani kuna harufu nyingine, ile ya tope. Inatokana na jeosmini, kitu kinachotengenezwa na mwani wa kijani-buluu pamoja na bakteria wa kwenye udongo, na samaki hukipata katika maji anamoishi na kukiweka zaidi kwenye mafuta na ngozi. Pua ya binadamu hukitambua hata kikiwa kidogo mno. Ndiyo maana kambare, na wakati mwingine sato wa bwawani, huweza kuwa na ladha ya udongo hata akiwa amevuliwa saa hiyohiyo. Wafugaji makini humweka samaki akiwa hai katika maji safi kwa siku kadhaa kabla ya kumuuza, na ladha hiyo ikapungua. Jikoni, ondoa ngozi na mafuta, kisha tumia kitu kichachu, kwani asidi huivunja jeosmini. Kwa hiyo, ndugu, ukimla samaki na usimpende, jiulize kwanza ulichokichukia kilikuwa shombo au tope, maana cha kwanza kinakwambia ubadilishe muuzaji na cha pili kinakwambia ubadilishe samaki.

Natofautiana na mama kwa jambo moja dogo, kwa heshima zote. Tangawizi, saumu na unga ni vizuri kwa kuanzia, lakini usikae humo muda mrefu. Nimewaona watu wanaosema wamejifunza kula samaki, kumbe wamejifunza kula viungo, na siku wakikutana na samaki wa chumvi na nyanya tu wanarudi walikotoka. Ukiyazoea ya kukaanga, nenda kwa sato wa kubanika juu ya mkaa, ambaye moshi humpa ladha na kumkausha ngozi. Baada yake mchuzi mzito wa nyanya au wa karanga. Na mchemsho uje mwisho, kwa kuwa ndani ya mchemsho samaki hana pa kujificha.

Mdau wa Buhongwa

Mimi ni mzaliwa wa hapahapa Mwanza na kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, sijamtia mdomoni, wala hakuna aliyenivua uenyeji. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu asijilazimishe kupenda kila kiumbe kinachotoka majini. Chagua wawili au watatu uwapende kwelikweli, hao waliobaki uwaheshimu kwa mbali.

Mwenyeji wa Nansio

Ndugu mgeni, au niseme shemeji, kwa kuwa umeoa kwetu. Wenzangu wameeleza sokoni na jikoni. Mimi nizungumzie mezani.

Kwanza, baba mkwe wako anaweza kukuelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu sangara mwenyewe ni mgeni katika ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huku kwetu alianza kutawala nyavu baadaye sana, katika miaka ya 1980. Wazee waliokuwa wamezoea furu, ningu na samaki wengine wa asili hawakumpokea kwa furaha. Walimwona ana mafuta kupita kiasi, na hawakuweza kumkausha juani kama walivyofanya kwa furu, maana mafuta hayo humfanya achache. Ikawalazimu wajifunze kumbanika kwa moshi na kumkaanga, jambo lililodai kuni nyingi. Kwa maneno mengine, malalamiko yako kuhusu mafuta ya tumboni yalishatolewa na wavuvi wenyewe, miaka mingi kabla yako. Ukipata nafasi ya maongezi na mzee baada ya chakula, muulize walikula samaki gani alipokuwa kijana na walimpokeaje sangara. Mvuvi akianza habari hizo, sahani yako hataikumbuka tena.

Kuhusu miiba, elewa kwamba samaki hawafanani. Sato anaogopwa bure. Ana mfupa wa mgongo, mbavu, miiba ya mapezi na miiba michache midogo kuelekea kichwani, na yote ina mpangilio. Mlaze ubavu, vuta pezi la mgongoni litoke na miiba yake, kisha anza na nyama ya juu, ile iliyo kati ya mgongo na mstari unaopita katikati ya ubavu, kwa sababu hapo mnofu hunyanyuka mzima. Mbavu ziko upande wa tumbo, na hizo utaziendea baadaye ukiwa umetulia. Kula kwa vidole, si kwa uma, kwani kidole hutambua mwiba kabla ya ulimi. Sato naye ana kipimo chake cha kisheria, sentimita 25, na kwa mwanafunzi aliye mkubwa ni bora zaidi kwa kuwa miiba yake huonekana.

Anayestahili kuogopwa ni ningu. Utamu wake wazee wetu huusifia hadi leo, lakini nyama yake imejaa miiba myembamba yenye pacha, ambayo haikuungana na mgongo, kwa hiyo haitoki hata umchane kwa ustadi gani. Mtu akikukaribisha ningu mwaka huu, shukuru na uchukue mchuzi.

Mwiba ukikukwama, usifuate ushauri wa kumeza tonge kubwa la ugali ili liusukume. Wakati mwingine linausukuma kweli, na wakati mwingine linauzamisha zaidi katika nyama ya koo. Kohoa, na kama maumivu hayakomi au unashindwa kumeza mate, nenda kituo cha afya ukatolewe.

Sasa kichwa. Katika nyumba niliyolelewa, kichwa hupewa anayeheshimiwa, na kukisukuma pembeni kimyakimya huonekana vibaya kuliko kusema neno. Fahamu kwamba chini ya kila jicho la sangara kuna nyama ya shavu, kipande cha mviringo, kigumu kiasi, hakina mwiba hata mmoja wala mafuta ya kukukera. Wanaomjua samaki hugombea hapo. Toa kipande cha upande mmoja ule polepole, kisha geuza sahani na kumwambia mzee, "Baba, upande huu naomba uwe wako." Utakuwa umekula sehemu bora, umempa mkubwa haki yake, na macho pamoja na ubongo yatafuata mkondo wa wenye kuyapenda. Sijaona mzee wa kwetu anayekataa.

Mgeni wa Nyegezi

Nawashukuru nyote, na mama Mpishi nakupa shikamoo yako niliyoisahau mwanzoni. Jumamosi nilikwenda Mwaloni alfajiri pamoja na mke wangu, tukapata sangara wa kilo tatu, tukamfanyia yote yaliyoelekezwa, hadi kuutoa ule mstari mwekundu ambao sikujua kuwa upo. Tulitumia maziwa mgando. Nilikula vipande vya kutosha kunishibisha na sikunywa maji katikati, jambo ambalo mke wangu alilitazama bila kusema kitu. Siwezi kudai kuwa nimependa, ila sikupambana, na siku iliyofuata nilijikuta nikiulizia kilichobaki. Nimeelewa pia kwamba sato wa mgahawa mmoja aliyenikatisha tamaa alikuwa na ladha ya tope, wala si shombo, na kwa miezi yote nilikuwa nikiwalaumu samaki wote kwa kosa la bwawa.

Nina swali moja la nyongeza. Nyumbani kwetu dagaa hupikwa karibu kila wiki, kwa kuwa ni nafuu na mke wangu anawapenda. Mimi hukuta mchanga kwenye meno na uchungu fulani mwishoni. Je, dagaa ni sehemu ya mafunzo haya, au niwaweke katika kundi la kamongo wa mdau wa Buhongwa?

Mpishi wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Usiwaweke huko, dagaa ni wa kwako kabisa, tena nisingeshangaa kama wangekuteka roho kabla ya sato. Mwiba wa dagaa haukwami kwa sababu huliwa mzima, na kwa kuliwa mzima huko mtu hupata madini ya chokaa ambayo mnofu wa sangara haumpi. Wakikaangwa hadi wakauke, ule ulaini unaoulalamikia haupo.

Mchanga unatokana na pale walipoanikwa. Dagaa wengi wa ziwani humwagwa juu ya mchanga wa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, au juu ya mawe, wakakusanywa kwa ufagio, na chochote kilicho chini kinakusanywa nao. Siku hizi wapo wanaoanika juu ya vichanja vya nyavu, na hao hutoka safi na wenye rangi ya fedha. Bei yao iko juu kidogo, lakini kwako inafaa. Dagaa waliogeuka manjano au kahawia wamepigwa na mvua wakiwa uwanjani, au wamekaa muda mrefu, na mafuta yao yamechacha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni wa jana.

Nyumbani, waloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, wakoroge kwa mkono, kisha wanyanyue kwa vidole uwahamishie katika chombo kingine. Usimwage maji pamoja nao kwenye chujio, maana mchanga uko chini na utawarudia. Rudia hadi chini ya bakuli pawe peupe. Uchungu hutoka tumboni na kichwani, na hao wetu ni wadogo, hivyo si kila mtu ana subira ya kuwachambua mmojammoja. Ila kwa miezi ya mwanzo kaa na mkeo muwachambue mkiwa mnaongea, kichwa na kitumbo hutoka kwa kubana mara moja. Wakaange kwanza wakiwa peke yao katika mafuta kidogo hadi walie, ndipo utie kitunguu, nyanya, pilipili hoho na ndimu. Wengine hutia karanga zilizosagwa, nami nakushauri ujaribu, kwa kuwa mtu wa Singida karanga anazijua.

Dagaa wabichi ni habari nyingine. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kubwa mwanga wa taa hauwavuti sawasawa, na kwa hiyo siku za mwezi mpevu wanaopatikana ni wachache na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Mkipanga safari ya Nansio, mwambie mkeo awaulize kaka zake giza linaanza lini, na muombe wale waliotua alfajiri, kabla hawajaanikwa. Waoshwe, watiwe chumvi, wakaangwe hapohapo. Uwahi kula, maana shemeji zako hawatakusubiri.